Mashindano ya bastola ya kujihami: maana yake na jinsi muda na shabaha vinavyohesabiwa pamoja

Mashindano ya bastola ya kujihami ni mchezo wa shabaha ambamo mshindani anaanza bastola ikiwa kwenye ala, imefichwa chini ya nguo, kisha kengele ya kielektroniki inapolia anaichomoa na kupiga shabaha kadhaa za kadibodi akiwa anatembea, amejificha nyuma ya ukuta, amekaa kwenye kiti au ameshika kitu mkononi. Kila zoezi lina kisa chake kifupi: uko kwenye mashine ya kutolea pesa, uko ndani ya gari, umeamshwa usiku. Anayeshinda ni mwenye jumla ndogo ya sekunde. Sekunde hizo zinatoka sehemu mbili, muda uliotumia na shabaha ulizokosea, na namna sehemu hizo zinavyounganishwa ndiyo mchezo wenyewe.

Chama kinachojulikana zaidi katika mchezo huu ni IDPA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996 na watu ambao Bill Wilson na Ken Hackathorn walikuwa miongoni mwao. Kabla yake kulikuwa na chama cha IPSC, kilichozaliwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, huku Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Kadiri miaka ilivyopita, silaha za IPSC zilianza kufanana na magari ya mbio: vipunguza mrusho mdomoni mwa mtutu, magazini (visanduku vya risasi) ndefu, ala zilizo wazi ambazo hakuna mtu angetembea nazo mtaani. Waanzilishi wa IDPA walitaka uwanja wa bastola ambazo mtu anazibeba kweli, ndani ya ala ambazo anazivaa kweli. Ndiyo maana sharti la nguo ya kufunika limo kwenye kanuni tangu mwanzo.

Vyama hivyo viwili vinahesabu tofauti kabisa, na mtu anayehama kutoka kimoja kwenda kingine asipoelewa tofauti hii anapata matokeo mabaya bila kujua kwa nini. IPSC inagawanya pointi kwa muda: ukipata pointi 60 kwa sekunde 15, alama yako ni 4.0. IDPA haigawanyi. Inachukua muda wako mbichi na kuongeza sekunde 1 kwa kila pointi uliyopoteza. Kwenye kadibodi, duara la kifuani lenye kipenyo cha karibu sentimeta 20 halipotezi pointi yoyote. Eneo linalolizunguka linapoteza 1, kingo za nje zinapoteza 3, na risasi iliyokosa shabaha kabisa inapoteza 5.

Tuchukue zoezi la shabaha 6, kila moja inatakiwa ipigwe mara 2, jumla risasi 12. Mshindani wa kwanza anamaliza kwa sekunde 14.20, watazamaji wanashangilia, lakini kadibodi zinapokaguliwa amepoteza pointi 9. Jumla yake ni 23.20. Wa pili anamaliza kwa 17.60 na kupoteza pointi 2, jumla 19.60. Amemshinda mwenzake kwa zaidi ya sekunde tatu na nusu, japo alionekana mzito. Zamani kila pointi ilikuwa nusu sekunde, na kwa hesabu hiyo wa kwanza angepata 18.70 na wa pili 18.60, yaani karibu sawa. Kupandisha thamani ya pointi kulibadilisha mchezo: sasa haraka isiyo na macho haina soko.

Kutokana na hapo unapata kanuni inayofaa kuliko mazoezi mengi ya misuli. Kwenye mazoezi yasiyowekewa kikomo cha risasi, unaruhusiwa kupiga risasi ya ziada na zinahesabiwa zile zilizotua vizuri zaidi. Risasi ya ziada kwenye shabaha ambayo bado uko mbele yake inakugharimu takriban theluthi ya sekunde. Kwa hiyo ukiona kionea cha mbele (kijino cha kulengea kilicho juu ya mdomo wa mtutu) kilikuwa kimepanda au kimehamia pembeni wakati risasi inatoka, piga nyingine papo hapo: unalipa 0.3 kuokoa 1, au 3, au 5. Lakini ukishaondoka mahali hapo, kurudi kunakula sekunde mbili tatu, na kwa pointi moja hakulipi. Uamuzi huu unafanywa kwa jicho lililotulia kwenye kionea, kabla hujajua tundu liko wapi kwenye kadibodi. Mtu anayeinua kichwa kutafuta matundu ameshapoteza muda kuliko pointi aliyokuwa akiitafuta. Kwenye mazoezi yenye kikomo, kinyume chake, risasi ya ziada inaleta adhabu, hivyo soma maelezo ya zoezi kwa makini kabla ya kusimama kwenye mstari.

Adhabu zenyewe ni hizi. Kosa la utaratibu, kama kukanyaga nje ya mstari wa kinga au kupiga shabaha kwa mpangilio usio sahihi, ni sekunde 3. Kumpiga raia, yaani kadibodi iliyochorwa mikono mitupu badala ya silaha, ni sekunde 5. Kufanya hila kwa makusudi ili kujipatia nafuu ni sekunde 20, na hizo humaliza siku ya mtu.

Kinga ndiyo inayowachanganya wageni wengi. Ukuta wa zoezi unaweza kuwa fremu yenye wavu tu, lakini unachukuliwa kama ukuta wa zege, na ardhini huwekwa mstari unaoonyesha mguu usivuke wapi. Ukiwa nyuma ya kinga unapiga shabaha kwa kadiri zinavyojitokeza: unamega kona kidogo kidogo, unapiga ya kwanza inayoonekana, unasogea kidogo, unapiga ya pili. Ukijitokeza hadi ukaona tatu kwa mkupuo na kuanza na ya mwisho, umekosea utaratibu. Shabaha zilizo uwanja wazi, zote zikionekana, unaanza na iliyo karibu zaidi kwa sababu ndiyo hatari kubwa zaidi. Kosa la kawaida hapa ni kusimama umeubana ukuta. Mtutu unapita nje ya ukingo, mikono inagusa fremu, na kila hatua inakuwa nzito. Rudi nyuma urefu wa mkono mmoja hivi na kona inafunguka yenyewe.

Kubadilisha magazini ndiyo sehemu ambamo zoezi hupangwa vizuri au huharibika kichwani kabla ya kengele. Magazini ambayo bado ina risasi haiachwi chini huku bastola nayo ikiwa na risasi kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa. Ukiitoa, iingie mfukoni au nyuma ya mkanda kabla ya risasi inayofuata. Magazini tupu unaidondosha tu. Tuseme una risasi 10 kwenye magazini na 1 kwenye chemba, jumla 11, na zoezi ni la 12. Slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, itakwama wazi ukiwa kwenye shabaha ya sita, umeshapiga moja na unadaiwa moja. Kama shabaha hiyo iko mwisho wa mwendo wako, umesimama na bastola tupu huku saa ikihesabu. Njia halali ni kupanga ubadilishaji uangukie unapohama kutoka kinga moja kwenda nyingine, wakati miguu inafanya kazi ambayo ingefanyika hata hivyo, na kukubali kuitunza magazini yenye risasi mbili tatu. Kumwaga risasi zisizohitajika kwenye shabaha ya karibu ili slaidi ikwame mahali unapopataka ni ile hila niliyoitaja hapo juu.

Uchomoaji chini ya nguo una hatua zake. Ukivaa shati au fulana iliyofungwa mbele, mkono dhaifu unashika pindo na kulivuta juu hadi kifuani, juu kuliko unavyodhani inatosha. Mkono wenye nguvu unashika mpini, utando kati ya kidole gumba na cha shahada ukiwa juu kabisa. Bastola inapanda wima hadi itoke kwenye ala, mtutu unageuka mbele, mikono inakutana kifuani, kisha inasukumwa mbele huku macho yakiwa kwenye shabaha. Kidole cha shahada kinalala ubavuni mwa bastola muda wote huo na kinaingia kwenye kifyatulio pale tu vionea vinapofika kwenye shabaha. Ukishika vibaya ukiwa bado kwenye ala, mshiko huo mbaya utakuwa nao hadi risasi ya mwisho, kwani hakuna nafasi ya kuurekebisha.

Kurudisha ni hatari kuliko kuchomoa. Pindo la shati likiingia ndani ya ala pamoja na bastola linaweza kuvuta kifyatulio. Vuta nguo, tazama ala kwa macho, rudisha polepole. Hakuna saa inayohesabu wakati huo, wala hakuna anayepewa alama kwa kurudisha haraka.

Kuhusu vifaa, kwa mara ya kwanza inatosha bastola ya milimita 9 inayofanya kazi kwa uhakika, magazini 3, ala ngumu inayofunika kifyatulio chote na isiyojikunja bastola ikitoka, mkanda mgumu, mifuko ya magazini 2, miwani ya usalama, vizibo vya masikio, na nguo ya kufunika. Zoezi moja halizidi risasi 18, hivyo kwa mashindano ya mazoezi matano au sita beba 150. Makundi ya silaha yanatenganishwa ili bastola ya kawaida isishindane na yenye kionea cha nukta nyekundu, wala rivolva isishindane na nusu otomatiki. Risasi nazo zina kiwango cha chini cha nguvu: chukua uzito wa kichwa cha risasi katika greni (kipimo kidogo cha uzito), uuzidishe na kasi yake katika futi kwa sekunde. Greni 124 kwa futi 1,050 ni 130,200, na inavuka kiwango cha 125,000 kinachotakiwa kwa makundi ya milimita 9. Greni 115 kwa futi 1,080 ni 124,200, na hiyo inaanguka. Wanaojaza risasi wenyewe wasijipimie karibu na mpaka, maana kasi hubadilika kwa hali ya hewa na kwa urefu wa mtutu.

Usalama hauna majadiliano. Uwanja ni baridi, maana yake silaha za wote hazina risasi hadi mshindani aitwe mstarini. Ukitaka kuigusa bastola wakati mwingine, unakwenda kwenye meza ya usalama, na pale huruhusiwi kushika risasi hata moja. Unatolewa mashindanoni kwa kuelekeza mtutu kwa mtu, kwa kuvusha mtutu mipaka iliyowekwa, kwa kuangusha bastola, au kwa risasi iliyotoka bila kukusudiwa. Bastola ikianguka usiinamie kuiokota. Anayeiokota ni msimamizi wa usalama. Kuna jambo moja zaidi ambalo kila mgeni alijue kabla ya kupiga risasi yake ya kwanza: ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida na mrusho haukuja, simama. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Bastola ikigoma bila mlio wowote, hapo ndipo unapopiga kitako cha magazini, unavuta slaidi nyuma, na kuendelea. Mara nyingi chanzo ni magazini isiyoingia hadi mwisho au kifundo cha mkono kilicholegea.

Washindani wanapangwa kwa madaraja, kutoka anayeanza hadi bingwa wa juu kabisa. Jaribio fupi la kupangia madaraja linatumia risasi 25 kwa umbali wa yadi 10 (karibu meta 9), kwenye kadibodi moja, kwa mizunguko minne. Wa kwanza unachomoa na kupiga 5. Wa pili unapiga 5 kwa mkono wenye nguvu peke yake. Wa tatu unapiga 5, unabadilisha magazini bastola ikiwa tupu, unapiga 5. Wa nne unapiga 4 mwilini na 1 kichwani. Fanya jaribio hili kila mwezi na uandike muda na pointi kando kando, siyo jumla peke yake, maana jumla inaficha kama tatizo ni mikono au macho.

Mashindano haya si mafunzo kamili ya kujilinda. Kadibodi haikurushii risasi, na idadi ya shabaha umeijua kabla. Yanachokupima ni kama unaweza kuchomoa, kulenga, kubadilisha magazini na kufikiri huku saa ikihesabu na watu wakikutazama, na hilo zoezi la peke yako uwanjani halikupi.

Mara ya kwanza omba upige karibu na mwisho wa kundi lako, utazame wengine wanavyopita. Ukiitwa, msimamizi atakuuliza kama umelielewa zoezi. Atakuamuru ujaze na ujiandae, atauliza kama uko tayari, atatoa tahadhari, na kengele italia. Ukimaliza atakuambia utoe risasi na uonyeshe: toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi, uzitazame chemba na nafasi ya magazini nyote wawili. Ukibadilisha mpangilio huo, slaidi inaporudi inachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na bastola unayoidhani tupu inakuwa imejaa. Akiridhika, unarudisha slaidi, unavuta kifyatulio mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo, unaiweka bastola kwenye ala. Mpaka atangaze kwamba uwanja ni salama, hakuna anayekwenda mbele kukagua kadibodi.