Woka haimfundishi mtoto kutembea

Wazazi wengi hununua woka, kile kigari cha duara chenye kiti katikati na magurudumu chini, wakiamini mtoto atatembea mapema. Haisaidii, na huweza hata kumchelewesha. Ili atembee, nyonga na mgongo lazima vibebe uzito, na mwili uzoee kuyumba, kuanguka na kuinuka. Ndani ya woka, kiti ndicho kinachobeba. Mtoto anasukuma kwa ncha za vidole tu, na kimeza cha mbele kinamzuia kuiona miguu yake.

Halafu kuna hatari. Kwenye sakafu laini woka huweza kwenda zaidi ya mita 1 kwa sekunde; anayegeuza chapati hamuwahi. Mara yuko kwenye ngazi, mara jiko la mkaa, mara amevuta kitambaa cha meza pamoja na chupa ya chai. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Tandika mkeka. Kabla hajatambaa, mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika chache kila mara, nawe ukiwa karibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Anayetambaa, mwekee sufuria au kijiko cha mbao mbele kidogo ya mkono wake. Anayesimama ashikilie kochi au stuli nzito, si kiti cha plastiki, maana kitateleza na kumwangukia. Ndani ya nyumba aende peku, vidole vishike sakafu.