Je, wajua kwa nini chumvi haizuii rangi ya maganda ya vitunguu kuchuja?

Kwa muda mrefu niliwaambia watu, tena kwa ujasiri, kwamba rangi ya mimea haichuji ukiloweka nguo kwenye chumvi na siki. Nilijaribu kwa fulana niliyoamini ni ya pamba, na maganda ya vitunguu niliyopewa bure na wauza mboga sokoni Kibuye, Kisumu. Ilitoka rangi ya dhahabu. Kufuliwa mara tatu tu, ikawa kama chai ya mwisho wa mwezi.

Ushauri ule haukuzuka hewani. Chumvi hufanya kazi, ila kwenye rangi za kiwandani. Pamba ikiwa majini huwa na chaji hasi, na rangi hizo nyingi zina chaji hasi pia, kwa hiyo hukataana. Chumvi hupunguza ugomvi huo, rangi ikasogea. Hata hapo, baadhi yake hazijifungi mpaka utie magadi. Siki nayo ni ya sufu na hariri, zikitiwa rangi za asidi. Sisi tulibeba viungo tukaacha mapishi.

Chukua mfano wa ufuo wa Dunga, pale ziwani Kisumu. Kitambaa ni ufuo, rangi ni mitumbwi, maji ya kufulia ni mawimbi. Chumvi ni upepo unaosukuma mitumbwi ufuoni: imefika, lakini hakuna uliofungwa. Kinachotakiwa ni kigingi, nacho ni shabu, yale mawe meupe kama barafu yanayotumika kutuliza tope kwenye maji ya kunywa. Aluminiamu iliyomo hujishikiza kwenye uzi upande huu, na upande wa pili ikaikamata rangi. Sufu ni udongo wa mfinyanzi, kigingi kinazama na kukaa. Pamba ni mchanga mtupu. Ndiyo maana huchemshwa kwanza na kitu chenye tanini, ile dawa ya mimea yenye ukakasi mdomoni, mathalani gome la muwati, ili mchanga ushikamane, ndipo shabu ifuate: kama gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu. Maganda yalingane na kitambaa kwa uzito.

Sufuria ya aluminiamu huenda ikachangia kidogo, ingawa si kigingi cha kutegemea. Yenye kutu iepuke: chuma kikikutana na tanini, dhahabu yako inageuka kijivu.

Manjano, ile ya kupikia, ndiyo kichekesho. Hujishika yenyewe bila shabu, kisha jua likaifuta. Ukiifua kwa sabuni ya kipande inakuwa nyekundu ya matofali. Ikamulie ndimu, inarudi njano kana kwamba hakuna lililotokea.

Ukinunua nguo ya mtumba, choma uzi mmoja kabla ya kuwasha jiko. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu, na hiyo hata shabu haiiwezi. Uzi wa fulana yangu, nilipokumbuka kuuchoma, uliacha majivu na kidonge.