Je, wajua? Presha ya ndani ya fuvu inaweza kuleta maziwa bila mimba

Shangazi yangu mdogo, hapa Moshi, alirudi kutoka kliniki akisema ana presha ya kichwani. Nami kwa ujuaji nikaondoa chumvi mezani. Kumbe ile ya mkononi ilikuwa 118 kwa 76, safi kabisa.

Sisi tukisikia presha tunajua ni damu: ya kupanda au ya kushuka. Hii ni ya maji. Ubongo unaelea kwenye maji maangavu, kama mililita 150 kwa mtu mzima, nusu ya chupa ya soda. Kila siku mwili hutengeneza karibu nusu lita na kuyarudisha kwenye damu. Yasiporudi vizuri, na fuvu halitanuki, presha inapanda. Haipimwi mkononi: unalazwa ubavu, sindano inaingia chini ya mgongo, maji yanapanda kwenye mrija. Kwa mtu mzima, yakipita sentimita 25 yamezidi. Chumvi nikairudisha kimya kimya.

Lakini shangazi alikwenda kliniki kwa jambo jingine. Blauzi ilikuwa inalowa maziwa, na kitinda mimba wake yuko darasa la tano.

Nyuma ya pua, kwenye kishimo cha mfupa kinachoitwa tandiko la Kituruki, imekaa pituitari, tezi ya ukubwa wa njegere. Inaning'inia kwenye ubongo kwa kikonyo. Presha ikidumu, maji hupenya kishimoni na kuilalia tezi mpaka inakuwa bapa kama chapati. Kwenye picha ya MRI kishimo huonekana kitupu, ingawa tezi ipo, imelala sakafuni.

Homoni nyingi za tezi hii husubiri amri ya ubongo ndipo zitoke. Prolaktini, ile ya maziwa, ni kinyume: iko tayari muda wote, na kazi ya ubongo ni kuizuia. Wenye vihamba, mashamba ya migomba ya huku kwetu, mtanielewa. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hayasukumwi. Yanateremka yenyewe usiku na mchana, na usiyoyataka kwenye migomba yako sharti uyazibe kwa udongo, kisha uzibe tena yakibomoa. Mzibaji wa prolaktini ni dopamini, na njia yake ni kile kikonyo. Kikibanwa, dopamini haifiki ya kutosha, na maji yanaingia shambani siku isiyo ya zamu.

Tusikimbilie, lakini. Wengi wenye tandiko tupu homoni zao ziko sawa, na maziwa bila mimba mara nyingi huletwa na dawa fulani, tezi ya shingo au uvimbe wa pituitari yenyewe. Tena presha hii huwapata zaidi wanawake wa umri wa kuzaa walionenepa, na unene nao huvuruga homoni, hivyo kipi kilitangulia bado wataalamu wanabishana. Wasichobishania ni macho: presha hii inaweza kupofusha.

Shangazi aliandikiwa asetazolamidi, inayopunguza utengenezaji wa maji hayo. Ndiyo hiyohiyo wanayomeza watalii wasizidiwe na mwinuko wakielekea mita 5,895 za Kilimanjaro. Kijana wa duka la dawa akasoma cheti, akamtazama na kanga yake.

"Mama, unapanda lini?"