Maana ya uthabiti wa theluji mlimani

Uthabiti wa theluji ni uwezo wa theluji iliyotanda mteremkoni kubaki mahali pake bila kukatika na kuporomoka, hata inapoongezewa mzigo, uwe wa theluji mpya au wa mtu anayepita juu yake. Theluji hiyo hujengeka kwa matabaka, na kila tabaka hubeba alama ya hali ya hewa iliyolizaa.

Poromoko linaloua watu wengi zaidi ni la bamba, yaani tabaka lililoshikamana ambalo limelala juu ya tabaka dhaifu. Udhaifu huo mara nyingi huanzia kwenye baridi kali iliyokuja theluji ikiwa bado haba. Sehemu inayogusa ardhi hubaki karibu na nyuzijoto 0 za Selsiasi ilhali ya juu imepoa mno, hivyo mvuke hupanda na kuzigeuza fuwele kuwa chembe kubwa zenye pembe, zisizoshikana, mithili ya sukari. Tofauti ya nyuzijoto 1 kwa kila sentimita 10 za kina hutosha kuanzisha mabadiliko hayo. Jalidi iliyoota juu ya theluji usiku mtulivu usio na mawingu nayo, ikifunikwa kabla ya kuharibiwa na upepo au jua, huweza kubaki dhaifu kwa majuma kadhaa.

Mtu akilemea bamba, tabaka dhaifu huvunjika chini yake, ufa husambaa, na ikiwa mteremko una nyuzi 30 au zaidi, bamba zima huteleza. Kwa kawaida wanaofukiwa hulianzisha poromoko hilo wenyewe au wenzao. Nyufa zinazokimbia mbele ya miguu, sauti nzito ya theluji kudidimia, na maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani ni dalili za wazi, na naamini hakuna sababu yoyote inayotosha kuzipuuza.

Nyayo za waliotangulia, kwa upande mwingine, hazithibitishi usalama. Watu kumi wanaweza kuvuka salama pale bamba lilipo nene, kisha wa kumi na moja akakanyaga sehemu nyembamba karibu na mwamba, ambako uzito wake unalifikia tabaka dhaifu.