Kwa Nini Programu Sahihi Huenda Polepole: Kompaila na Safari za Kumbukumbu

Anayevuka Likoni kila asubuhi anajua kwamba feri haiondoki kwa ajili ya abiria mmoja. Kumbukumbu kuu ya kompyuta nayo haitoi baiti moja moja: katika mashine nyingi za leo kila safari hubeba baiti 64, zikashushwa kwenye kashe, yaani hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kusoma kilichomo katika kashe ya kwanza huchukua takribani nanosekunde 1, ilhali kukifuata katika kumbukumbu kuu huchukua takribani 100.

Hapa Mombasa wanafunzi wetu huanza na jedwali la safu 4,000 na nguzo 4,000, kila namba ikiwa na baiti 8. Lugha ya C hulihifadhi safu baada ya safu. Mwanafunzi akiandika kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa tena na tena, kinachoshuka nguzo kwa nguzo, kila hatua huruka baiti 32,000: feri imevusha abiria wanane, ameitwa mmoja tu. Kabla hajaifikia nguzo ya pili, zimekwisha kuingia baiti 256,000, na kashe ya kilobaiti 32 imekwisha kuwatoa wale saba waliokuwa wakisubiri zamu yao. Jibu ni sahihi, ila prosesa inashinda ikingoja. (Kwa lugha ya Fortran, inayohifadhi nguzo kwa nguzo, mambo ni kinyume.)

Kompaila, yaani programu inayotafsiri alichoandika mwanafunzi kuwa maagizo ya prosesa, inaweza kurekebisha hali hiyo kwa kubadilishana vitanzi, cha ndani kikawa cha nje. Kompaila iitwayo GCC hufanya hivyo ikiagizwa kuboresha kasi kwa kiwango cha -O3, tangu toleo la 8 la mwaka 2018. Pale ambapo kubadilishana hakutoshi, kama katika kuzidisha majedwali, kazi hukatwa vipande: vipande vitatu vya namba 32 kwa 32 vina baiti 24,576, navyo hukaa ndani ya kashe hadi vitumike vyote.

Hata hivyo, kompaila haigusi kitu isipokuwa imethibitisha kwamba matokeo hayatabadilika, na kwa maoni yangu hapa ndipo waandishi wengi wa programu wanapoilaumu bure. Ikipewa vielekezi viwili vya C, yaani vigeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu, mara nyingi haina njia ya kujua kama vinaelekea mahali pamoja, hivyo inaacha vitanzi vilivyo. Tangu sanifu ya C ya 1999, neno restrict humruhusu mwandishi kuahidi kwamba havigongani. Akiivunja ahadi hiyo, kompaila hailazimiki kumwonya, na majibu yanaweza kuharibika kimyakimya.