Kliniki ya Mkoba na Chakula cha Mtoto: Maswali ya Wazazi wa Vijijini

Kwa nini wahudumu wa kliniki ya mkoba, yaani kliniki inayosafiri, watufuate kijijini ilhali matibabu kwenye vituo vya serikali ni bure?

Ni kweli kwamba serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, lakini nauli ya bodaboda haikufutwa, wala siku nzima ambayo mama huiacha shamba ili afike kituoni. Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, na mgonjwa wa huko hutegemea mashua. Karamoja nako wafugaji huhama na mifugo wakitafuta maji na malisho. Kwa watu hao, huduma isiyosafiri ni sawa na huduma isiyokuwepo. Ndiyo maana wahudumu hupakia chanjo katika makasha yenye barafu, kwa kuwa sharti zihifadhiwe kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kuzipeleka hadi chini ya mti, shuleni au kanisani.

Mtoto wangu atapimwa nini siku hiyo?

Atapimwa uzito, kadi yake itakaguliwa ili apewe chanjo iliyompita, na ikiwa ana umri wa kati ya miezi 6 na 59 atazungushiwa utepe wenye rangi tatu kwenye sehemu ya juu ya mkono. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni salama; njano, yaani kati ya 11.5 na 12.5, ni onyo. Na nyekundu, chini ya 11.5, ina maana kwamba ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu mara moja. Mwezi wa Aprili na wa Oktoba watoto hupewa pia matone ya vitamini A na dawa ya minyoo.

Mbona mtoto anayeshiba kila siku hukutwa na utapiamlo?

Swali hili huwaumiza wazazi wengi, nao hawastahili kulaumiwa. Posho (ugali wa mahindi), matoke na muhogo hujaza tumbo na kutia nguvu, lakini havina protini ya kutosha kuujenga mwili wa mtoto, na tumbo lake ni dogo mno kufidia upungufu huo kwa wingi wa chakula. Baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, uji wake uwe mzito na uchanganywe na karanga zilizosagwa, simsim (ufuta) au mukene (dagaa) iliyokaushwa na kutwangwa hadi ikawa unga. Mboga za majani kama dodo (mchicha) na nakati huota hata kwenye bustani ndogo karibu na jiko, na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina kiini kinachogeuka vitamini A mwilini. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, hata kama bei yake inauma, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Je, ndugu zake wanaweza kuonja zile pakiti za lishe anazopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali?

La. Pakiti hizo ni dawa, na idadi yake imepangwa kulingana na uzito wa mgonjwa. Akigawana na wenzake, kupona kwake kutachelewa.

Akiugua kabla ya tarehe ya kliniki, nisubiri?

Usisubiri. Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea asiamke, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Sisi wanakijiji tunaweza kufanya nini?

Daini tarehe isiyobadilika. Mama aliyetembea kwa muda wa saa tatu akakuta mti mtupu hatarudi mwezi ujao, na mtoto wake atakosa chanjo bila mtu yeyote kujua. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na timu ya afya ya kijiji wakubaliane na kituo juu ya siku moja ya mwezi, ikiwezekana siku ya soko, kisha itangazwe kanisani, msikitini na kwenye kisima. Gari likiharibika, mhudumu apige simu kijijini asubuhi, kabla akina mama hawajaanza safari.