Je, wajua kokwa ya tende iliyokaa miaka 2,000 iliwezaje kuota?

Anayefuturu kwa tende huitema kokwa na kuisahau. Ukiiangalia kwa karibu utaona upande mmoja mfuo mrefu, na upande wa pili kidoa cha duara kisichozidi kichwa cha pini. Chini ya kidoa hicho ndipo kilipo kiinitete, yaani mtende mzima ukiwa bado haujaanza.

Kokwa za namna hiyo zilifukuliwa miaka ya 1960 katika magofu ya ngome ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi, zikahifadhiwa kwa takriban miaka 40 bila mtu kufikiria kuzipanda. Mwaka 2005 daktari Sarah Sallon na mtaalamu wa kilimo Elaine Solowey walichukua tatu, wakaziroweka katika maji ya vuguvugu, kisha wakazifukia udongoni huko Ketura, kusini mwa Israeli. Moja ikaota. Vipande vya ganda vilivyokuwa vimenasa kwenye mizizi vilipopimwa kwa kaboni, vilionyesha umri wa karibu miaka 2,000, na mche ukaitwa Methuselah, jina la yule mzee wa Biblia aliyeishi miaka 969.

Siri iko katika namna ya kukauka. Kokwa ya embe ukiianika juani kwa wiki kadhaa hufa, kwa sababu chembe zake haziwezi kuishi bila maji. Mbegu ya mtende, kinyume chake, huanza kujiandaa ingali ndani ya tunda: maji yanapoondoka, sukari na protini maalumu hushika nafasi yake, na ute wa ndani ya chembe hugeuka kuwa kitu kigumu mithili ya kioo. Humo hakuna kinachosogea, na kisichosogea huharibika polepole mno. Ukavu wa jangwa la Masada ulisaidia kuidumisha hali hiyo.

Ufundi huo si wa mimea peke yake. Mwaka 1702 Antonie van Leeuwenhoek, wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alitia maji kwenye vumbi kavu la mfereji wa paa, akaona kwa lenzi yake vijidudu vikijinyoosha na kuanza kuogelea. Walikuwa rotifa, wanyama ambao wengi wao hawafiki nusu milimita, lakini wana mdomo, utumbo na hata ubongo. Mwaka 2021 wanasayansi wa Urusi walitangaza kwamba rotifa waliotolewa katika ardhi iliyoganda daima karibu na mto Alazeya, Siberia, walizinduka baada ya miaka ipatayo 24,000, kisha wakazaana. Dume halikuhitajika, kwani rotifa wa kundi hilo wote ni majike.

Kinachonishangaza zaidi ni kazi inayofuata baada ya kuamka. Vinasaba vya rotifa aliyekauka hukatika vipande vipande, naye maji yanapomrudia huviunga upya na kuendelea na maisha. Lakini si kila mbegu iliyolala hubaki nzima. Mwaka 2012 Warusi waliufufua mmea wa maua meupe, Silene stenophylla, kutoka kwenye matunda yaliyofichwa na kindi wa ardhini kandokando ya mto Kolyma miaka ipatayo 32,000 iliyopita, ila mbegu zilizokomaa zilikuwa zimeharibika, ikabidi waoteshe tishu ya tunda katika maabara.

Methuselah naye alikuwa na kasoro yake: ni mtende dume, na dume halizai. Ilibidi kokwa nyingine za kale zipandwe, zikachipua sita, miongoni mwao mtende jike ulioitwa Hannah. Mwaka 2020, baada ya kupakwa chavua ya Methuselah kwa mkono, kama wakulima wa mitende wafanyavyo tangu zamani, Hannah alitoa tende 111, na watafiti wakazionja.